Kabati la Watu Wawili

Wasomaji walimwita Bwana Sita. Gradimir Ostojin hakulikataa jina hilo, wala hakulipenda. Kwa miaka ishirini na saba alikuwa mhakiki wa michezo ya video, kwanza katika jarida la karatasi lililochapwa Belgrade, kisha, jarida lilipokufa, katika tovuti iliyorithi jina lake. Muda wote huo alikuwa mgumu wa alama kuliko mwalimu wa hesabu. Mchezo ambao wenzake waliupa tisa, yeye aliupa saba. Iliyopewa nane na wengine, kwake ilipata sita, na nchini kwao kila aliyesoma chuo kikuu anajua sita maana yake nini: umepita, lakini kwa kuburuzwa. Kumi hakuwahi kuitoa. Zamani, enzi za barua, msomaji mmoja alimwandikia kumuuliza hiyo kumi anamwekea nani. Alijibu kwamba hamwekei mtu, ila bado hajaiona.

Kitu kimoja alijivunia, na hakukisema mara nyingi. Hakuwahi kuandika hata mstari mmoja juu ya mchezo ambao hakuumaliza. Alijua wahakiki waliocheza saa tano, wakatazama zilizobaki mtandaoni huku wakila, wakaandika. Yeye alicheza mpaka mwisho, na mwisho ulipofika alikaa kusoma majina ya wote waliotengeneza, mpaka la yule aliyewapikia chai.

Aliishi Zrenjanin, ghorofa ya nne, katika fleti ileile aliyoletwa akiwa kichanga, dirisha likitazama mto Begej. Sasa alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Hakuoa. Aliwahi kukaribia, lakini mwanamke yule alipata kazi Toronto, naye alikuwa na mama wa kutunza, na kila mmoja alimsubiri mwenzake aseme neno ambalo halikusemwa. Hivyo aliishi na mama yake, Vidosava. Mama hakuelewa chochote kuhusu michezo ile, lakini jioni alikaa kwenye kiti chake karibu na dirisha akifuma, na kila baada ya muda aliinua macho juu ya miwani na kuuliza, "Huyo kafa tena?" Gradimir alijibu, "Kafa tena, mama." Miaka na miaka, hayo ndiyo yalikuwa maongezi yao ya jioni, na hakuna aliyeyaona kuwa machache.

Mwaka juzi, mwezi wa nne, mama alifariki. Tangu hapo Gradimir alicheza huku sauti ya televisheni ikiwa juu kidogo kuliko zamani. Kiti hakukiondoa. Alikigeuza tu kitazame ukutani, kisha baada ya wiki mbili akaona haya, akakirudisha kilivyokuwa.

Katikati ya Januari tovuti ilimletea mchezo mpya. Siku hizi haviji tena vifurushi vya posta. Huja namba ndefu kwa barua pepe, unaiandika na mchezo unakuwa wako. Mchezo wenyewe uliitwa Kabati. Uliundwa na watu watano huko Estonia ambao hakuwahi kuwasikia. Kaka na dada wamerithi kabati la bibi yao, la mbao ya mwaloni, na inawabidi walibebe kwa miguu kutoka nyumba ya zamani hadi nyumba mpya, nchi nzima ikiwa katikati. Mmoja hushika mbele, mwingine nyuma. Kuna hatua nane. Hakuna wa kumpiga, hakuna wa kumkimbia. Kuna ngazi, matope, milango myembamba, na uzito.

Na ulikuwa wa watu wawili. Siyo watu wawili kila mmoja kwake, wakiunganishwa na mtandao. Wawili kwenye kochi moja, mbele ya skrini moja, kila mtu na kishikio chake cha kuchezea. Ukiwa peke yako, haukupi hata mwenza wa bandia.

Gradimir alisoma maelezo mara mbili. Kisha alikwenda kabatini kutafuta kishikio cha pili, akakikuta bado kwenye plastiki yake. Akaviweka vyote viwili juu ya meza ndogo, mkono wa kushoto kwenye kimoja, wa kulia kwenye kingine, kama mpiga kinanda. Alifika ngazi ya tatu ya hatua ya kwanza. Kabati liliporomoka hadi chini. Akajaribu tena, likaporomoka tena. Alipokiachilia kishikio kimoja ili anyooshe vidole, maandishi madogo yalitokea chini ya skrini: Mwenzako amechoka. Msubiri.

Asubuhi alimpigia mhariri wake. Relja alikuwa kijana wa miaka ishirini na tisa, mwenye adabu, ambaye utotoni alijifunza kusoma kwa kutumia jarida lile lile alilokuwa akiandikia Gradimir, na aliwahi kumwambia hivyo, jambo ambalo lilimfanya Gradimir ajione mzee kuliko alivyokuwa. Gradimir alimweleza kwamba huu mchezo haumfai, apewe mtu mwingine.

"Mzee wangu, hakuna mtu mwingine," Relja alisema. "Wote wamezama kwenye ule mkubwa wa mazimwi, hawatoki humo mpaka Machi. Tena huu ni mfupi. Mtafute mtu tu. Si una mtu hapo?"

Gradimir alitazama dirishani. "Ninaye," alisema.

"Basi safi. Siku ya kufunguliwa midomo ni tarehe ishirini na nane. Kabla ya hapo hakuna anayeruhusiwa kuchapisha. Ukiniletea ishirini na saba nitashukuru."

Akabaki na simu mkononi, akapitia majina yaliyokuwamo. Hayakuwa mengi. Aliyekuwa mhakiki mwenzake zamani, mtu waliyecheza naye mpaka kochi likabonyea, sasa alikuwa Malta akiuza bima. Alifurahi kupigiwa, akaongea dakika nne, akasema wataongea tena. Binamu yake wa Bečej alidhani anataka kukopa. Fundi wa kompyuta wa sokoni alisema atakuja Alhamisi, na Alhamisi haikuja naye. Majina mengine yalikuwa ya daktari wa mama, mtu wa maua ya msiba, na namba ya mama mwenyewe, ambayo hakuifuta.

Tarehe ishirini Januari ni siku ya Mtakatifu Yohana, mlinzi wa ukoo wa kina Ostojin. Siku hiyo mwenye nyumba hamwaliki mtu, anayekumbuka huja. Wakati wa mama yake watu walijaa mpaka makoti yakarundikwa kitandani. Mwaka wa kwanza bila mama walikuja watatu. Mwaka huu Gradimir alichemsha ngano na kuisaga na jozi, akapeleka mkate kanisani ubarikiwe, akawasha mshumaa, akapika sarma, nyama iliyofungwa kwa majani ya kabichi, sufuria nzima kwa sababu hakujua kuipika kidogo. Alivaa shati jeupe na kukaa. Saa sita ikapita. Saa nane ikapita. Alihesabu sahani alizopanga, akaona ni sita, akaondoa mbili, kisha akazirudisha, kwa maana ingekuwa aibu mtu akiingia na kukuta nafasi zimepungua.

Saa tisa kengele ililia. Alikuwa Desanka Turinski wa ghorofa ya pili, mjane wa miaka sabini na nne, mfupi, mpana, amevaa sketi yake ya Jumapili na ameshika chupa ya rakija, pombe kali ya matunda, iliyofungwa kwa kitambaa. Lifti ilikuwa imekwama, hivyo alisimama kwanza mlangoni akivuta pumzi, mkono hewani kumzuia asimsemeshe. Kisha akambusu mara tatu, akachota kijiko cha ngano, akafanya ishara ya msalaba, akatazama meza.

"Wengine wameshaondoka?" aliuliza.

"Wameshaondoka, shangazi."

Desanka alitazama sahani zile sita safi, akakaa, akavuta moja mbele yake. "Basi nimekuja wakati mzuri. Nipe sarma, na usinipimie kama mgonjwa."

Alikula tatu. Alisifu ngano, akalaumu mkate, akasimulia habari za lifti, za mwenyekiti wa jengo, za bei ya kuni. Binti yake Mirjana alikuwa Linz, ameolewa huko, watoto wawili wanaoelewa Kiserbia lakini wanajibu kwa Kijerumani. Gradimir alimimina rakija na kusikiliza. Ilikuwa muda mrefu hajasikia sauti ya mtu ikijaza chumba kile. Alipomaliza glasi ya pili, ambayo kwa kawaida hainywi, alimuuliza kama vidole vyake bado ni vizima.

"Vidole vyangu vina nini?"

Akamweleza. Alieleza vibaya, akianzia mwisho, akiomba radhi katikati. Desanka alimwacha amalize.

"Kwa hiyo unataka nikushikie kabati," alisema.

"La kwenye televisheni."

"Nimeelewa. Miaka thelathini na moja nimefuma mazulia kiwandani, mwanangu. Zulia kubwa halifumwi na mtu mmoja. Mimi nilikaa upande huu, Ilonka upande ule, tunaitikiana mafundo. Akikosea yeye, nafumua mimi. Lini?"

Kesho yake saa kumi alikuja, ameshalala usingizi wake wa mchana na amevaa slipa. Alikaa kwenye kochi na siyo kwenye kiti, bila kuambiwa. Nusu saa ya kwanza ilikuwa balaa. Alikishika kishikio kama mtu aliyeshika samaki hai. Akitaka kwenda kulia alilalia kulia kwa mwili mzima. Kabati liliporomoka mara kumi na tisa. Gradimir, ambaye katika maisha yake alishika vishikio zaidi ya vijiko, alikaza taya na kusema, "Kushoto. Inua. Siyo sasa. Sasa. Hapana."

Desanka aliweka kishikio magotini.

"Grada, nikuulize kitu. Unaongea na mimi au na hilo sanduku?"

"Na wewe, shangazi."

"Basi niambie unachotaka kufanya kabla hujakifanya. Wewe unaniamrisha baada ya kuanguka. Ilonka angekuwa keshakupiga na kitana cha mazulia."

Akaanza yeye kuhesabu, kwa sauti ya kuvuta, namna walivyohesabu mafundo kiwandani: moja, mbili, na vuta, moja, mbili, na pumzika. Gradimir aliona haya kuitikia. Aliitikia kwa kunong'ona, kisha kwa sauti. Wakapanda ngazi kumi na nne za nyumba ya bibi, wakazungusha kabati kwenye kona, wakalipitisha mlangoni. Nje kulikuwa na theluji na barabara ndefu. Desanka alikiachia kishikio, akapiga paja lake kofi moja.

"Sasa niletee kahawa," alisema. "Na hawa watoto nao wangepewa. Mbona hakuna anayewaambia wakae kidogo?"

Ikawa desturi. Kila siku saa kumi alipanda, saa moja alishuka kutazama habari. Aliongea bila kukoma, na Gradimir aligundua kwamba mchezo ulimtaka naye aongee. Haukuwezekana kwa mtu mkimya. Ilimbidi aseme: mimi nachoka, subiri. Au: shika wewe, mimi naangalia njia. Maneno hayo hakuwa ameyasema kwa mtu tangu mama alipolazwa hospitali. Mchana wa siku ya tano, walipokuwa wakivuka kinamasi na kabati limezama hadi nusu, Desanka alimuuliza swali ambalo wengi waliwahi kumuuliza, lakini siyo hivyo.

"Hizo namba unazotoa. Wenyewe wanakuwa wamekosa nini?"

Akajaribu kueleza: kamera inayokwama, hadithi inayorudia, hatua ndefu isiyo na sababu.

"Na mtu akikosa usingizi miaka mitatu akitengeneza, unampa ngapi kwa hilo?"

"Hilo silipi alama. Mchezaji hanunui usingizi wa mtu."

Desanka alifikiri, akatikisa kichwa akikubali. "Kweli. Hata zulia, mnunuzi hatazami mgongo wako." Wakatembea kinamasini kidogo. "Mama yako Vida alikuwa akinisomea," alisema.

"Akikusomea nini?"

"Ulivyoandika. Pale kwenye benchi, chini. Jarida likitoka tu, huyo. Hatukuelewa kitu, mwanangu, mimi wala yeye. Mazimwi, risasi, sijui nini. Lakini alisoma kila neno, na mwisho ananiuliza, 'Desa, unadhani kaonea?' Mimi nasema hajaonea. Ananiambia, 'Nami naona hajaonea.' Kisha anakunja."

Gradimir aliacha kubonyeza. Kaka wa kwenye skrini alisimama, na kabati likaanza kuzama upande wake.

"Vuta, Grada," Desanka alisema taratibu. "Moja, mbili, na vuta."

Kwa mwendo wa Desanka wasingeweza kumaliza kabla ya tarehe ishirini na nane, na Gradimir alilijua hilo mapema. Angeweza kumkaza. Hakumkaza. Tarehe ishirini na nane tovuti nyingine zilitoa uhakiki wao: tisa, tisa, nane na nusu. Relja aliandika ujumbe, kisha mwingine. Gradimir alijibu kwamba anacheza, na ni kweli alikuwa akicheza. Siku hiyo waliingia hatua ya saba, ya mto, ambapo kabati huwekwa juu ya kivuko na wawili wale hawana la kufanya ila kukaa juu yake wakisubiri ng'ambo ifike. Inachukua dakika tisa. Wahakiki wengine waliandika kwamba ni kasoro. Desanka alitumia dakika hizo kumenya chenza, nusu yake, nusu ya Gradimir.

Tarehe pili Februari, saa mbili asubuhi, kengele ililia. Desanka alisimama mlangoni na koti, uso umemwishia damu. Mirjana ameanguka kwenye barafu, nyonga imevunjika, watoto hawana wa kuwapikia. Basi dogo la kwenda Linz lilikuwa chini tayari, dereva amekubali kusubiri dakika kumi. Alimpa ufunguo kwa ajili ya maua yake, akamweleza lipi lipewe maji lini, Gradimir akamshushia mzigo kutoka ghorofa ya pili. Ghorofa ya kwanza Desanka alimshika mkono.

"Ile ya mwisho usiicheze bila mimi."

"Siichezi."

"Niambie vizuri."

"Siichezi bila wewe, shangazi."

Akarudi juu. Hatua ya nane ilikuwa imefunguka tangu jana yake. Kaka na dada walisimama mbele ya mlango wa nyumba mpya, kabati katikati yao, theluji ikiwaangukia. Gradimir alizima televisheni.

Sasa alikuwa mtu aliyebanwa pande mbili. Haandiki juu ya mchezo asioumaliza, na huu ameahidi asiumalize. Alingoja wiki moja. Desanka alipiga simu akiwa jikoni kwa binti yake, akasema nyonga imetiwa vyuma na itachukua miezi. Basi Gradimir aliketi, akaandika. Aliandika kwa uaminifu uleule wa siku zote: hatua saba nimezicheza, ya nane sijaicheza, mwenzangu amesafiri na nimemwahidi. Alisifu uzito wa kabati, alilaumu kamera, alieleza kivuko kile cha dakika tisa na kwa nini hakikuwa kasoro. Mahali pa alama aliacha wazi. Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na saba, hakuweka namba.

Relja alimpigia saa hiyohiyo.

"Mzee wangu, nimeisoma mara mbili. Ni nzuri kuliko zote ulizowahi kuniandikia. Lakini namba iko wapi?"

"Sijamaliza mchezo."

"Umemaliza saba katika nane. Kadiria."

"Sikadirii."

"Watu wanashuka moja kwa moja mpaka kwenye namba, wewe unajua. Bila namba hata ile mitambo inayokusanya alama za dunia nzima haitutambui. Ni kama hatujaandika."

"Basi hatujaandika," Gradimir alisema.

Jioni uhakiki ulitoka na alama ya nane chini yake, ambayo hakuiweka yeye. Gradimir alipiga simu na kusema kwa utulivu kwamba kiondolewe kimoja, namba au jina lake. Haikuwa rahisi kwa Relja, na Gradimir alimsikia akihema. Kilichoondolewa kilikuwa jina. Lakini wasomaji walimtambua kwa uandishi, na chini yake wakaanza kutania. Bwana Sita kalainika, mmoja aliandika. Mwingine akaandika: Bwana Sita hana hata rafiki mmoja wa kumshikia upande wa pili. Gradimir aliisoma mara tatu hiyo. Haikuwa na kosa lolote, si la lugha wala la maana.

Kulikuwa pia na mtu wa mji wa Kikinda, fundi umeme, aliyemwandikia pembeni kwamba Jumamosi hana kazi, anaweza kuja na treni wacheze hatua hiyo iliyobaki. Gradimir alimshukuru, akamjibu kwamba ameshaahidi. Baada ya kutuma alijiuliza kwa nini hakumwalika aje tu, bila mchezo. Alianza barua nyingine, akaifuta.

Februari na Machi Desanka alipiga kila Jumapili. Alisimulia mkate wa Linz, majirani wasiosalimiana, wajukuu waliomfundisha kuhesabu kwa Kijerumani. Gradimir alimpa ripoti ya maua. Aprili alipiga mara mbili. Mara ya pili alizunguka sana kabla ya kufika alipokuwa akienda: Mirjana hatatembea vizuri tena, wamempa chumba, kina dirisha. Fleti itauzwa.

"Hivyo ile ya mwisho icheze tu, Grada. Na mtu mwingine."

"Hakuna mtu mwingine, shangazi."

"Najua," alisema.

Mei alikuja kutia saini karatasi za mauzo, siku mbili tu. Siku ya pili, kabla ya kuondoka, alipanda hadi ghorofa ya nne na koti mwilini. Mkwe wake alikuwa chini kwenye gari. Alikonda, na nywele zake mtu alizikata kwa mtindo ambao haukuwa wake. Hakukaa kwanza.

"Wamesimama pale pale?" aliuliza.

"Pale pale. Mlangoni."

"Washa."

Gradimir alitegemea hatua ngumu kuliko zote. Haikuwa hivyo. Mlango ulifunguka, wakaingia kwenye nyumba tupu yenye vyumba vitatu, na mchezo haukuwaambia waliweke wapi. Walizunguka nalo. Desanka alitaka dirishani. Gradimir alisema jua litafubaza mbao. Desanka alisema kabati lililofichwa gizani ni jeneza. Wakabishana, kwa heshima kwanza kisha bila heshima, huku honi ikilia chini mara moja, halafu mara ya pili. Mwishowe waliliweka kati ya madirisha mawili, ukutani, mahali ambapo hakuna aliyepataka. Kaka na dada wakaliachia. Wakasimama, mikono mitupu, hawajui waiweke wapi. Majina ya watu watano yakapita, moja moja.

"Ndiyo basi?" Desanka aliuliza.

"Ndiyo basi."

"Sasa umemaliza. Unaupa ngapi?"

Gradimir alifikiri kama alivyofikiri siku zote, bila haraka. "Saba," alisema.

"Saba?"

"Hatua ya nne ni ndefu bila sababu. Na kamera inakwama kwenye kona, uliona mwenyewe."

Desanka alimtazama. Kisha akacheka, cheko lililomlazimisha kushika mgongo wa kochi, akacheka mpaka akafuta macho kwa mkono wa koti. Alimbusu mara tatu. Akasema hajaonea. Gradimir alimsindikiza hadi kwenye gari, akamfungia mlango, akasimama kando ya barabara mpaka gari lilipopinda darajani.

Relja aliendelea kumpa kazi, kisha kidogo, kisha kwa mbali, bila ugomvi wowote. Vuli hiyo Gradimir aliajiriwa na kampuni ndogo ya Novi Sad kutafuta makosa katika michezo kabla haijatoka. Hufanya kazi nyumbani. Huandika orodha ya kilichoharibika na kuituma kwa watu ambao hajawahi kuwaona, nao humjibu kwa neno moja, kwamba wameipokea. Alama hatoi tena. Ghorofa ya pili wamehamia mke na mume vijana, wazuri, wanaosalimia kwenye ngazi na kuharakisha.

Jumapili humpigia Desanka. Mara nyingi mjukuu wa kike ndiye hupokea. Husema kitu kwa Kijerumani, huweka simu mezani akaenda kumwita bibi yake, na siku nyingine husahau. Gradimir hakati. Hukaa na simu sikioni, na kutoka Linz husikia maji yakimwagika kwenye sinki, vijiko, televisheni, mlango ukifungwa, sauti ya Desanka ikiwaambia watoto wasogee mezani chakula kinapoa. Husikiliza hadi mtu atakapoikuta simu na kuikata.